Mombasa hadi Watamu na kurudi kwa siku moja: bahari ilikupwa, gari likachemka

SWALI

Hamjambo wapendwa wa safu hii,

Ninaishi Mikindani, Mombasa, pamoja na mume wangu, watoto wetu watatu (miaka 13, 8 na 4) na mama mkwe wangu mwenye miaka 71, ambaye ana kisukari na magoti yanamsumbua. Tuna Toyota Noah. Si jipya, lakini linatutembeza.

Mwaka huu, siku ya tatu ya Idd-ul-Fitr, tuliamua kuwapeleka watoto Gede, Watamu na Malindi na kurudi siku hiyo hiyo. Tulitoka saa tatu asubuhi baada ya kunywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mtwapa tukakwama kwenye msongamano. AC ilikuwa inafanya kazi, na ghafla mshale wa joto ukapanda mpaka juu. Tukasimama kando ya barabara karibu saa nzima tukingoja injini ipoe. Baada ya Kilifi yule wa miaka 8 akatapika mara mbili. Gede tukaipita kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Tulifika Watamu saa saba mchana. Bahari ilikuwa imeondoka kabisa, imeacha mchanga, mawe na vidimbwi. Watoto walitembea mbali kufuata maji, na mkubwa akakanyaga wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Bibi yao alibaki garini kwa sababu hakuwa na pa kukaa. Wali wa nazi niliobeba ulikuwa umechacha. Tukaenda Malindi tukidhani huko kutakuwa na maji, kweli yalikuwako, lakini rangi ya udongo, watoto wakakataa kuingia. Tulirudi nyumbani saa nne usiku, baba watoto amechoka na macho yanamuuma kwa mataa ya magari yaliyokuwa yakija mbele yake. Ameapa hatarudia.

Sasa likizo ya Desemba inakaribia na watoto wameanza kuuliza. Je, safari hii inawezekana kwa siku moja tukiwa na mzee na mtoto mdogo, au ni lazima tulale huko? Nitajuaje bahari itakuwa imejaa? Gari nalo, fundi alisema niongeze maji tu, basi. Na chakula gani kinastahimili joto lile?

Mama Watatu, Mikindani


JIBU

Dada yetu Mama Watatu,

Inawezekana kwa siku moja, na mama mkwe akarudi amefurahi. Ila mtabadilisha tarehe, mtabadilisha saa ya kutoka, na Malindi mtaiacha kwa safari nyingine. Karibu kila kilichowaharibikia siku ile kilitokana na kufika baharini saa isiyofaa, kwa hiyo tuanze na bahari. Mengine yatapangwa kuizunguka.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukirudi kwenye umri ule ule, maji nayo hurudi kwenye saa zile zile, au karibu sana. Ndiyo maana wavuvi huhesabu mwezi, na wewe unaweza kufanya hivyo ukiwa na kalenda ya Kiislamu jikoni.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini huweza kuzidi mita 3. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Sasa tazama: Idd-ul-Fitr ni mwezi mosi Shawwal. Iangukie Machi au Januari, daima itakuwa bamvua. Siku ya tatu ya Idi maji yalikuwa yamepwa mnamo adhuhuri, nanyi mkafika saa saba. Msingeyapata hata kama barabara ingekuwa nyeupe.

Mnachokitaka ni maji mafu. Hayo huja mwezi ukiwa nusu, takriban tarehe 7 hadi 10 na tena 22 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu. Maji mafu hayajai sana wala hayapwi sana, kwa hiyo ufuo haukauki, na mikondo huwa hafifu. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 4 hayo ndiyo maji mazuri kuliko yote. Katika siku hizo chagueni tarehe 7, 8 au 9, au 22, 23 au 24, kwa sababu maji hujaa kati ya saa tatu u nusu na saa sita mchana, wakati ambao mtakuwa mmeshafika au mko karibu kufika. Ukishapata tarehe mbili tatu, zithibitishe kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Kati ya Kilindini na Watamu tofauti ni ndogo, haiwezi kuwaharibia siku. Tafuta kujaa kwa saa nne u nusu hadi saa tano u nusu asubuhi.

Iwe siku ya kazi, au Jumamosi ikibidi, lakini isiwe Jumapili. Jioni ya Jumapili magari yote yaliyokwenda kutembea kaskazini hurudi pamoja kupitia Mtwapa. Na iwe kabla ya wiki ya Krismasi. Kuanzia Desemba 20 hivi hadi Mwaka Mpya barabara hii hubeba wageni wa bara pamoja na wenyeji, na hakuna saa ya kutoka itakayowaokoa. Mvua za vuli huweza kuchelewa kuisha, kwa hiyo tengeni tarehe moja ya akiba kwenye maji mafu yanayofuata, wiki mbili baadaye. Huko bado mko ndani ya kaskazi, bahari tulivu, jua la kutosha.

Kuhusu Malindi, matope mliyoyaona ni ya mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini tu mwa mji. Kusi inapovuma matope yale husukumwa kwenda mbali na mji. Kaskazi inapovuma husukumwa kusini, yakaingia ghuba ya Malindi. Kwa hiyo msimu wenu wa likizo, hasa mto ukiwa umejaa, ndio msimu ambao maji ya Malindi huwa na rangi ile. Mji wenyewe unastahili kutembelewa: nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga pale mwaka 1498, na kanisa dogo la Wareno lililo karibu nayo. Ila ni safari ya kutembea na kutazama. Wanaotaka kuoga waishie Watamu.

Gari sasa. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jibu la fundi wako linatutia wasiwasi. Gari linalokwenda vizuri barabarani na kuchemka kwenye foleni linakuambia jambo mahususi. Ukiwa mwendoni upepo hupita wenyewe kwenye rejeta. Ukisimama, kazi yote hubaki kwa feni, na AC huongeza mzigo, kwa sababu rejeta yake ndogo imekaa mbele ya ile ya injini na hewa hufika nyuma ikiwa tayari ya moto. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni feni: mota imechoka, fyuzi au rilei imeungua, au waya umelegea. Wa pili ni rejeta iliyoziba, kwa nje kwa vumbi na wadudu, kwa ndani kwa magadi ya maji ya kisima yaliyoongezwa miaka nenda miaka rudi. Wa tatu ni kifuniko cha rejeta ambacho mpira wake umekufa; hakishiki tena shinikizo, kwa hiyo maji huchemka mapema na kumwagika. Kuna pia themostati inayokwama, lakini hiyo kwa kawaida huchemsha gari hata likiwa mwendoni.

Kipimo kinafanyika nyumbani, wiki mbili kabla ya safari, ili mkipata kasoro muwe na nafasi ya kurekebisha. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uone maji yako kiasi gani. Yanapaswa kuwa hadi shingoni, na ile chupa ya pembeni iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Washa gari, washa AC kwenye baridi ya mwisho, liache likiunguruma papo hapo kwa dakika 20 saa za mchana. Feni inapaswa kuanza muda mfupi tu baada ya AC kuwashwa, na mshale upande hadi chini kidogo ya katikati kisha utulie hapo. Feni isipozunguka, au mshale ukiendelea kupanda, zima, na usiende safari mpaka hilo limetengenezwa. Fundi akishamaliza, mwambie asafishe mfumo na kujaza kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye dumu, si maji matupu ya bomba. Kulanti huchemka kwa joto la juu kuliko maji, tena huzuia kutu ndani. Maji yakipungua tena baada ya hapo yana pa kutokea, na pahali hapo patafutwe. Gari lisilo na kasoro halinywi maji.

Mshale ukipanda mkiwa foleni, zimeni AC mara moja, fungueni madirisha, washeni hita kwenye joto la mwisho na feni yake kasi ya juu. Ndani kutakuwa na joto kali kwa dakika chache, lakini hita huchota joto kutoka kwenye injini. Ikiwa mshale haushuki, ingia pembeni mahali salama na uzime. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kwa angalau nusu saa, na hata hapo kifunguliwe kwa kitambaa kinene, taratibu. Maji yaliyo chini ya shinikizo huruka usoni yakiwa yanachemka, na watu wameungua vibaya kwa njia hiyo. Wala msimwagie injini ya moto maji baridi. Chuma huweza kupasuka.

Magurudumu pimeni asubuhi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na muangalie spea pia, maana spea ndiyo hukaa mwaka mzima bila upepo. Jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza viwe garini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 230 hadi 250 kwa kuhesabu mizunguko ya Watamu. Noah la petroli likiwa limejaa watu litatumia lita 25 hivi. Wekeni 30 usiku uliotangulia, asubuhi msisimame Mombasa.

Swalini alfajiri, na saa kumi na moja u nusu gari liwe linatoka lango la nyumba. Kila kitu kipakiwe usiku isipokuwa barafu na chakula. Mkichelewa kwa nusu saa tu, Kongowea na Bombolulu zimeshaamka, na Mtwapa nayo imejaa matatu na malori. Mkitoka kwa wakati mtavuka daraja la Mtwapa mnamo saa kumi na mbili na robo, mashamba ya mkonge ya Vipingo mtayapita jua likiwa chini, na saa moja na dakika chache mko Kilifi. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991, kabla yake ilikuwa ni kivuko cha feri, na ukiwa juu yake unaona mlango wa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, ukifunguka baharini. Punguzeni mwendo watoto watazame, lakini msisimame darajani. Vukeni muingie mjini, mpate choo safi kwenye kituo cha petroli, na hapo ndipo mle kiamshakinywa, kwa nusu saa.

Usiwape mahamri na mbaazi kabla ya kuondoka. Mafuta na nazi tumboni, kisha matuta na kona, hata mtu mzima hutaabika. Yule wa miaka 8 apewe kipande cha mkate mkavu au ndizi nusu saa kabla ya safari, na maji kidogo kidogo. Akae kiti cha safu ya pili mahali anapoweza kuona mbele kupitia kioo cha dereva. Safu ya tatu ya Noah, nyuma ya magurudumu, ndiyo inayoruka kuliko zote, mpe yule wa miaka 13. Simu na vitabu viwekwe mbali mpaka mfike. Kichefuchefu cha gari hutokea macho yanaposema umetulia huku masikio yanasema unakwenda, na simu ndiyo hutengeneza hali hiyo. Kama alitapika mara mbili safari iliyopita, muulize mfamasia dawa ya kichefuchefu cha safari inayolingana na umri na uzito wake. Hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka; akishaanza kutapika haisaidii sana. Yule wa miaka 4 awe kwenye kiti chake cha mtoto, kimefungwa kwa mkanda. Mapajani mwa bibi si mahali salama hata kwa mwendo mdogo.

Kutoka Kilifi hadi Gede ni kama kilomita 45. Baada ya Matsangoni msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa mkono wa kushoto kwa muda mrefu, na humo ndani kuna tembo. Barabara imenyooka, na hapo ndipo watu hukanyaga mafuta. Baba watoto asiwafuate, kwa sababu ya baiskeli na bodaboda zinazotokea vijijini na matuta ambayo rangi yake imefutika.

Mfike Gede saa mbili u nusu. Mji huu wa Waswahili ulianza karibu karne ya 12 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Saa moja na robo inatosha. Msikiti mkuu, jumba la mfalme na kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, viko karibu karibu; bibi ataviona bila kwenda mbali, kisha apumzike kivulini mkimalizia nyumba za nyuma na kuta za mji. Waonyeshe watoto kisima na vyoo vya ndani ya nyumba, wauone ustadi wa mafundi wale. Kima wa pale hawaogopi watu. Wakiona mfuko au ndizi mkononi mwa mtoto watavichukua, na mtoto anayevuta huweza kung'atwa. Chakula chote kibaki garini, madirisha yamefungwa, na msiwalishe hata wakiomba.

Weka pesa za kutosha kwenye M-Pesa. Viingilio vya makumbusho na vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au simu, na usiku uliotangulia ni vizuri kuhakikisha akaunti yako inafunguka. Kumbuka pia kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Beba chupa za kudumu.

Saa nne na robo muwe ufuoni Watamu, kilomita 7 hivi kutoka njia panda ya Gede, maji yakiwa yanaelekea kujaa. Ufuo wa Garoda una nafasi na mchanga laini, na mbele yake kuna mwamba unaovunja mawimbi. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, kwa hiyo matumbawe hayakanyagwi na makombe hayabebwi, hata matupu. Ogeni mpaka saa sita. Sheria moja tu ya kuogelea: mtoto wa miaka 4 awe ndani ya urefu wa mkono wa mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine, hashiki simu, hapigi picha, na maji yasizidi kiuno cha mtoto. Msiwapeleke watoto kuoga karibu na mdomo wa hori ya Mida. Maji yote ya hori hupita pale yanapotoka, na mkondo wake humshinda hata mtu mzima anayejua kuogelea.

Kila mmoja avae viatu vya plastiki majini. Miiba ile ikimwingia mtu tena, loweka mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hutuliza maumivu ya sumu. Miiba inayoonekana toa kwa kibano. Iliyovunjikia ndani usiichokore kwa sindano, huleta usaha. Mingi hutoka au kuyeyuka yenyewe. Mwiba ulio kwenye kiungo, au mguu unaozidi kuvimba, ni wa hospitali. Kwa hiyo beba chupa moja kubwa ya maji ya moto ya chai, itafanya kazi zote mbili.

Mama mkwe asikae tena garini. Gari lililoegeshwa juani huweza kupanda joto kwa nyuzi zaidi ya 15 ndani ya nusu saa, na kuacha madirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Beba kiti cha kukunja chenye mgongo na mikono, kwa sababu mwenye magoti mabovu hawezi kuinuka kutoka kwenye mkeka, na mtafutieni kivuli cha mvinje karibu na mahali gari litakapoegeshwa. Aende na viatu vilivyofunika vidole na asivivue mchangani. Mtu wa kisukari huweza kuwa amepoteza hisia nyayoni, akaungua na mchanga wa saa saba bila kujua, na kidonda cha mguu kwake si jambo dogo. Jioni mwangalieni nyayo. Ale kwa saa zake za kila siku hata kama watoto bado wanaoga, na mkobani awe na kitu kitamu cha haraka, juisi ndogo au peremende, akianza kutetemeka au kutoka jasho baridi. Kama anajidunga insulini, ikae kwenye kasha la barafu ikiwa imefungwa kwa taulo, isiguse barafu moja kwa moja, kwa kuwa ikiganda imeharibika.

Chakula: chochote chenye tui msikibebe. Tui huchacha upesi kwenye joto, na wali uliokaa vuguvugu kwa saa nne tano huweza kuwaumiza matumbo hata ukiwa haujanuka. Kwa watu sita tunashauri chapati 15, mayai 10 ya kuchemsha, kuku mmoja wa kukaanga mkavu aliyepoa kabisa kabla ya kufungwa, viazi vya kuchemsha kilo moja, karoti, ndizi na maembe yasiyomenywa. Kuku na mayai vikae chini ya barafu. Maji ya kunywa ni lita 12, nusu yake ugandishe usiku katika chupa za kudumu, kila moja ukiijaza hadi mabegani tu, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua chupa. Hizo ndizo zitakuwa barafu yako, na mchana zitakuwa maji baridi. Ongeza dumu la lita 10 la maji ya bomba la kuosha miguu na chumvi. Kiamshakinywa cha Kilifi kiwe kingine: mkate, siagi ya njugu, chai.

Kuanzia saa sita watoto watoke juani, wavae nguo za mikono mirefu, wale, waswali, walale kidogo kwenye leso chini ya mivinje. Saa nane u nusu muondoke. Hapa ndipo baba watoto atakapopata shida nanyi, kwa sababu watoto wataomba nusu saa nyingine, na nusu saa ile ndiyo inayogeuka kuwa kuendesha usiku. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na giza la kwetu huja upesi. Baada ya hapo kati ya Kilifi na Mtwapa kuna malori yenye taa za juu, baiskeli zisizo na taa kabisa, na, penye ujenzi, michepuko isiyo na alama za kutosha. Kwa ratiba hii mtakuwa Kilifi saa tisa u nusu, mtanyosha miguu, mtanunua korosho, na saa kumi u nusu mtafika Mtwapa. Kama habari zinasema Mtwapa imefungana, kuna njia ya kukata Mavueni kwenda Kaloleni hadi Mazeras, ambayo kwenu Mikindani inatokea karibu na nyumbani. Ina vilima na kona, kwa hiyo mwenye kichefuchefu akae mbele, na ipitwe mchana tu.

Mkilazimika kwenda siku za Idd-ul-Fitr kwa sababu baba watoto hana likizo nyingine, geuzeni mpangilio. Asubuhi tembeeni kwenye vidimbwi na matuta ya mchanga maji yakiwa yamepwa, saa nane ingieni majini, na mlale huko, kwa sababu maji mazuri yatawakuta saa kumi. Watoto wasivuke kwenda kwenye vile visiwa vya mawe bila mtu anayeyajua maji. Bamvua haijai kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huongezeka kidogo mtu akadhani ana muda, lakini saa ya tatu na ya nne, kwenye tofauti ya mita 3, kila saa huleta karibu sentimita 75. Kimo hicho kinamfika mtoto wenu mdogo kifuani. Wakati wa kugeuka ni pale maji yanapoanza kurudi. Idi ya Kuchinja, kwa kuwa ni tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu, huangukia maji mafu na hujaa mnamo adhuhuri au saa saba. Tatizo lake miaka hii ni kwamba inakuja Mei, masika na kusi vikiwa juu.

Siku ya pili, injini ikiwa baridi, angalia tena kimo cha kulanti, kisha gari lioshwe chini yake, kwenye matao ya magurudumu na nyuma ya rejeta, kwa maji mengi ya bomba yasiyo na shinikizo kali. Shinikizo hukunja mapezi ya rejeta, na mapezi yaliyokunjika huziba upepo.

Wenu wa Safu ya Safari